Kipoyi Kilichofungwa Mapema

Bega la kulia la Valentin lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto, na shati lolote alilovaa lilimkaa upande. Wanawake wa kijiji chao, Kibabi, walimtania mkewe, Rosalie, kwamba ameolewa na mteremko. Valentin alicheka pamoja nao, kwa sababu kwake utani ule ulikuwa sifa. Bega lile liliinamishwa na wagonjwa. Tangu alipoota ndevu, kila aliyezidiwa kwenye kilima chao, mama mwenye uchungu wa uzazi, mzee wa kifua, kijana aliyeangukiwa na mti, aliteremshwa barabarani amelala juu ya kipoyi, na ncha ya mbele ya kipoyi hicho ilikuwa juu ya bega la Valentin.

Kipoyi, kwa asiyekijua, ni machela ya mianzi miwili mirefu iliyounganishwa kwa kamba za kusuka, na juu yake hutandikwa blanketi la nyumba ya mgonjwa. Gari halipandi kwao. Pikipiki hupanda siku za jua, lakini mtu aliyevunjika nyonga umkalishe juu ya pikipiki kwenye mawe yale, halafu utaniambia kama alifika. Ndiyo maana wenye kilima wana chama chao. Kila nyumba hutoa mwanaume wa kubeba, na anayejificha siku ya zamu anajua kwamba siku yake ya kuugua ikifika atabebwa na mkewe mgongoni. Valentin alikuwa prezida wa chama hicho. Ni cheo kisicho na mshahara wala kiti. Prezida hupiga filimbi, hupanga wanaume kwa urefu wa mabega ili mgonjwa asining'inie kichwa chini, na huhakikisha kwamba safari iliyofunguliwa inafungwa.

Hapo kwenye kufunga ndipo mambo yote yalipoharibika, basi ieleweke vizuri. Mgonjwa akirudi kutoka hospitali, waliombeba hukusanyika uani kwake. Kama alipasuliwa, huwaonyesha kovu. Bega lililobeba lina haki ya kujua lilibeba nini. Kisha mwenye mgonjwa husema mbele ya wote kwamba mtu amerudi mzima. Pombe ya ndizi hunywewa, kipoyi huoshwa na kutundikwa. Kabla ya hapo kipoyi hakimbebi mwingine, kwa kuwa wenye kilima wanaamini kwamba safari mbili zikiachwa wazi pamoja, mmoja kati ya wagonjwa hao wawili hatarudi. Padri aliwahi kuwakemea kanisani kwa jambo hilo. Walimsikiliza kwa heshima, wakaimba vizuri sana siku hiyo, wakaendelea kufunga safari zao.

Élysée, kitinda mimba wa Valentin na Rosalie, alizaliwa na kasoro ambayo hakuna jicho la kilimani lingeiona. Alikuwa na figo moja badala ya mawili, na hilo moja mlango wake wa kutolea mkojo ulikuwa mwembamba mno. Mkojo ulishindwa kushuka, ukajaa, figo likavimba. Hayo yalikuja kujulikana baadaye. Mwanzoni walijua tu kwamba mtoto anashika ubavu wa kushoto na kutapika, kisha siku mbili tatu anacheza kana kwamba si yeye aliyekuwa akilia. Walimpa dawa ya minyoo. Walimpa majani. Shangazi mmoja alisema ni jicho la jirani, na hakukosa kumtaja jirani mwenyewe, nyumba mbili zikanuniana msimu mzima. Alipofikia umri wa kuanza shule, Emérita, muuguzi wa kituo cha afya, alimpapasa tumbo, akakuta uvimbe, akaacha kutabasamu.

"Papa Élysée, huyu mutoto mumupeleke ku Goma," alisema. "Kuko badokta benye kutoka mbali, banatengenezaka batoto benye kuzaliwa na mafigo mabaya. Habapasule tumbo yote. Banapitisha kamera mu matundu kidogo."

Goma ilikuwa bado inafikika wakati huo. Wabebaji walimteremsha mtoto hadi barabarani, na kutoka hapo Valentin aliendelea naye kwa gari. Wale madaktari wageni walikuwa wakija mara moja kwa mwaka, wakifanya kazi na daktari mmoja mwanamke wa palepale Goma, ambaye ndiye aliyezungumza na wazazi. Walimlaza Élysée, wakamtoboa matundu matatu tumboni, kila tundu la kupitisha kalamu, wakaingiza kamera na vyombo vyembamba, wakakata sehemu iliyobana na kuunga upya. Siku iliyofuata mtoto aliomba uji. Muda si mrefu alikuwa akitembea kolidoni ameshika ukuta. Valentin alizoea kuona watu wakirudi kutoka hospitali wameshonwa kama magunia. Alimfunua mwanawe shati kutafuta kidonda, akakuta plasta tatu ndogo. Alilia bila kujificha, mpaka mama mmoja wa kitanda cha jirani akampa kitambaa cha mtoto wake ajifute.

Siku ya kuondoka, yule daktari alimketisha.

"Papa, sikia muzuri. Kazi haiyaisha. Tuliacha kampira ndani, kanatoka mu figo mupaka mu kibofu, juu fasi tuliunga isijifunge. Kisha mwezi moja na nusu umurudishe. Tutakatosha kwa njia ya mukojo, hatutapasula kitu. Lakini mukikaacha, kataota mawe. Na figo yake iko moja tu, hakuna ingine ya kumusaidia."

Alimtaka arudie maneno hayo, na Valentin akayarudia yote bila kukosea. Hakuwa mjinga, na mtu asije akasema baadaye kwamba hakuelezwa.

Waliporudi, wabebaji walijaa uani. Rosalie alikuwa amekwisha kuandaa pombe. Aliyeketi mbele kuliko wote alikuwa Philippe, mwanaume mrefu aliyebeba nyuma kwa kuwa hapakuwa na bega lingine lililofikia lake, na mwenye mdomo mrefu kuliko yeye mwenyewe. Élysée alipandisha shati kwa fahari. Philippe aliinama, akatazama, akainama zaidi kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka.

"Prezida," alisema, "kovu iko wapi?"

"Si ile matundu matatu."

"Hii? Hii njo tulitolea jasho? Biroboto bya kwangu binafanyaka kazi kubwa kuliko badokta ya Goma."

Uani walicheka. Mmoja akasema walimtoboa kama sikio la bibi harusi. Mwingine akasema pengine walimfinya tu, wakala kuku, wakamrudisha. Valentin alicheka nao, lakini cheko lake lilikuwa fupi. Alikuwa amekusudia kuwaambia habari za ule mpira. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, na kila alivyoyapanga aliona yatakavyopokewa: wageni wameacha kitu chao ndani ya tumbo la mtoto. Watu wanaocheka matundu matatu hawatacheka tena wakisikia hilo. Na zaidi, safari isingefungika. Mtu ambaye lazima arudishwe hospitali bado hajarudi.

Hata hivyo angesema. Mimi naamini angesema. Alikwisha kufungua mdomo pale Sébastien, jirani wa bondeni, alipoingia uani akikimbia. Mkewe, Murekatete, alikuwa na uchungu tangu jana, maji yamekwisha kutoka na mtoto haji, na Emérita amesema akibaki hapo atakufa. Sébastien hakuomba. Alikwenda moja kwa moja kwenye kipoyi kilichoegemezwa ukutani, akakishika kamba, akamtazama prezida. Wote wakamtazama prezida.

Wewe unayesoma, jiweke mahali pake. Useme kwamba safari ya mwanao bado iko wazi, halafu wanaume waanze kubishana kama kipoyi kinaweza kumchukua mwanamke au hakiwezi, na mwanamke mwenyewe analia kule bondeni?

"Tumerudisha mutu," Valentin alisema. "Iko muzima. Safari inafungwa."

Walikunywa wamesimama, kila mtu funda moja, wakaondoka na kipoyi hata bila kukiosha vizuri. Valentin alishika mbele. Murekatete alifika, akapasuliwa, akazaa mtoto wa kike, wote wawili wakarudi. Hakuwafunulia wanaume tumbo lake, bila shaka; mama mkwe wake aliwapimia kwa kiganja urefu wa kovu, na Philippe akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mtoto aliitwa Aimée. Hilo ni jema lililotoka katika uongo, na sijui tulifanyeje. Lipo tu.

Mwezi mmoja ukapita. Élysée alinenepa mashavu. Alikimbia nyuma ya ndama, alipanda miti, aligombana na kupigana na kushinda. Rosalie alikuwa akihesabu.

"Papa Élysée, na ile kampira?"

"Tumalize kwanza kuvuna maharagi."

Maharagwe yakavunwa, yakapigwa, yakaanikwa. Rosalie akauliza tena, naye akasema njia imeharibika kwa mvua, wacha ikauke. Ilikuwa kweli imeharibika, lakini wenye biashara walikuwa wakipita. Ukweli wenyewe ulikuwa mwingine. Kumpakia pikipiki mtoto anayecheza, mchana, watu wakitazama, ni kuulizwa unampeleka wapi mtoto mzima. Na jibu lake lingekuwa kwamba prezida alifunga safari kwa uongo, na kwamba Murekatete alibebwa huku safari nyingine iko wazi. Mtoto Aimée alikuwa bado mchanga, akikohoa kidogo kama watoto wote. Valentin alipomsikia akikohoa kanisani aliacha kuimba, akasikiliza kama atakohoa tena. Kila wiki iliyopita, kulisema jambo lile kulizidi kuwa kugumu, na kulinyamazia kulizidi kuwa kwepesi. Mwishowe alianza kuyaamini maneno yake mwenyewe. Alijiambia kwamba mwili wa mtoto una nguvu, na kwamba mpira mwembamba vile huenda umeshuka wenyewe kwa mkojo bila mtu kuuona. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Valentin aliujua msemo huo, na aliwahi kuwaambia wengine.

Halafu vita vikaja. Wenye bunduki, ambao majina yao hubadilika karibu kila msimu wa kupanda, walishika barabara. Watu wa Kibabi walikimbilia mashambani, wakarudi, wakakimbia tena. Kwenye duka la Jean-de-Dieu, mfanyabiashara wa Butembo ambaye ndiye aliyekuwa akileta chumvi na habari, palisikika kwamba Goma imefungika, ndege hazitui, na madaktari wageni wa watoto hawatakuja mwaka huo. Valentin alisimama pale na sabuni mkononi. Jean-de-Dieu alimuuliza kama anataka kitu kingine. Alisema hapana.

Siku hiyo alimweleza Rosalie kila kitu, hata sababu. Rosalie hakupiga kelele. Alimuuliza tu, "Kumbe ulikuwa unamuogopa Philippe kuliko kumuogopea mutoto?" Aliendelea kupika, na tangu siku hiyo aliacha kumwita Papa Élysée, akawa anamwita Valentin, kama mtu wa njiani.

Mtoto alianza kuugua mwishoni mwa masika. Mkojo ulikuwa mwekundu kwanza, kisha mzito wenye mchanga ndani yake. Homa ilimtikisa mpaka meno yakagongana. Asubuhi uso wake ulikuwa umevimba hata macho hayafunguki vizuri. Emérita alimchoma sindano alizokuwa nazo, akakataza nyama na ndizi, na chumvi kabisa. Mtoto alichukia hilo kuliko sindano. Viazi bila chumvi, maharagwe bila chumvi, kila sahani ilikuwa ugomvi, na Rosalie alikuwa akimlisha huku akila naye kilekile, ili asione wengine wanakula vizuri.

"Ile kampira, balikatosha?" Emérita aliuliza.

Valentin alitazama miguu yake.

Emérita alikuwa mwanamke mwenye ulimi mkali, na Valentin alikuwa akiungoja huo ulimi, angeupokea kama dawa. Haukuja. "Ile mashini ya kukatosha iko Goma," alisema, "na Goma hatufike. Minasikia ku Walikale kuko dokta moja anapasulaka batoto. Kwa kisu, Papa. Lakini hapa atakufa."

Valentin alipiga filimbi. Wanaume walipokusanyika uani kwake na kuuliza mgonjwa ni nani, alisimama mbele yao na kuwaeleza. Aliwaambia kuhusu mpira, kuhusu mwezi mmoja na nusu, kuhusu neno alilosema akijua si kweli. Sébastien alikuwepo, amesimama nyuma karibu na ua wa migomba.

"Ulifunga," Philippe alisema. Hakukuwa na utani. "Sisi bote tulisikia. Ulifunga, tukamubeba mama ya Aimée."

"Nilifunga, na haikuwa kweli."

"Kwa bongo."

"Kwa bongo."

Hakuna aliyelisema lile lililokuwa katika kichwa cha kila mmoja. Safari mbili zilikuwa wazi pamoja, na kati ya wagonjwa wawili, Murekatete alikwisha kurudi. Philippe aligeuka akatazama mlimani, na ikaonekana kama atakwenda zake, na kama angekwenda, nusu ya wanaume wangemfuata. Sébastien ndiye aliyepita katikati yao. Aliingia ndani bila kubisha, akatoka na kipoyi, akakilaza chini, akasimama kwenye nafasi ya Philippe, ingawa kwa kimo chake mgonjwa angelala kichwa chini.

"Toka pale," Philippe alimwambia akirudi. "Uko mufupi."

Wakambeba. Kutoka Kibabi kwenda Walikale si safari ya watu wenye akili timamu. Ni kuyaacha malisho ya ng'ombe na kushuka, milima ikipungua na miti ikiongezeka, mpaka unaingia kwenye msitu ambamo jua huonekana kwa vipande. Wabebaji wa kilima kimoja hawaendi mwisho. Wanakuta wenzao wa kilima kinachofuata, wanasalimiana, wanabadilishana mabega, na mgonjwa anaendelea. Wengine waliwapokea na ugali wa muhogo na samaki mkavu. Penye vizuizi vya wenye bunduki waliteremsha kipoyi, wakamfunua mtoto ili aonekane ni mtoto kweli, wakasubiri. Valentin alikataa kupokelewa mzigo. Alitembea na bega lake mbele kilima baada ya kilima, na walipomwambia apumzike alijifanya hasikii.

"Papa," Élysée aliuliza mahali fulani, "minakuchokesha?"

"Hapana. Uko mwepesi."

Na kweli alikuwa mwepesi. Valentin amebeba watu maisha yake yote, uzito wa mtu anaujua kabla hajamtazama, na uzito ule ulimtisha kuliko homa. Ndani ya msitu, chama cha kipoyi kilipoishia kwa kuwa hakuna tena vilima vya kujuana, walimfunga mtoto mgongoni kwa baba yake, na pikipiki ikawachukua kwenye matope mpaka Walikale.

Daktari wa pale alikuwa kijana, mwenye macho ya mtu asiyelala. Alipima kwa mashine ya kuangalia tumbo, akasema hana kamera ya kupitisha kwenye njia ya mkojo, hajawahi kuwa nayo, alijifunza kwa kuiona tu. Akasema atafungua. Valentin akasema fungua.

Daktari alipotoka alikuwa na sahani ya chuma. Ule mpira ulikuwa umegeuka jiwe. Kutoka upande mmoja mpaka mwingine ulikuwa umevaa mawe ya kijivu, mnene kama kidole, na ungeweza kuuvunja kama chokaa. "Nilikata fasi mbili kule ndani kusudi itoke," daktari alisema. Figo lilikuwa limejaa usaha. Alilisafisha, akaweka mrija wa kutolea mkojo nje kwa muda, akashona.

Walikaa pale mpaka mrija ulipotolewa. Homa ilishuka, na Valentin akaanza kuomba Mungu kwa sauti, jambo ambalo hakulithubutu kabla. Mtoto aliweza kukaa. Aliuliza kama watarudi kwa pikipiki au kwa kipoyi, akasema anapenda kipoyi. Lakini asubuhi uso ulikuwa bado umevimba, mkojo ulikuwa kidogo sana, na kila damu ilipopimwa daktari aliisoma karatasi akiwa amesimama mbali.

Mwishoni alimwita Valentin nje, chini ya paa la mabati pale wanapopikia wagonjwa.

"Papa, figo haifanye tena kazi. Iko na kidogo tu, na hii kidogo itaisha. Kuko mashini inasafishaka damu, lakini hapa hakuna, na kule iko, ata muntu mukubwa hapate fasi. Minaweza kukuambia bongo, lakini minaona ulishatoka mbali."

Valentin alihitaji kupewa kazi, kitu cha kutii, kwa sababu safari hii angetii. "Chakula je? Chumvi tuendelee kumukataza?"

Daktari alitazama moto wa watu. "Mumupe tu kile anataka, Papa."

"Na akitaka nyama? Ndizi? Sista Emérita alikataza..."

"Kile anataka."

Habari zilitangulia, kama kawaida ya habari. Walipofika mwisho wa msitu, wabebaji wa kilima cha kwanza walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba mtoto amepasuliwa kweli na anarudi akiongea. Mabega yalibadilishwa kwa nyimbo. Kilima baada ya kilima mambo yalizidi kuchangamka, mpaka wakamkuta Philippe mwenyewe na watu wa Kibabi wakiwangoja mbali sana na kwao. Philippe hakusubiri uani. Alimfunua mtoto palepale njiani. Kovu lilianzia mgongoni chini ya mbavu, likazunguka ubavu, likaishia karibu na kitovu, na alama za nyuzi zilikuwa kubwa kubwa.

"Sasa hii njo kupasula," Philippe alisema, na machozi yalikuwa yakimlengalenga, mtu yule mwenye mdomo. "Bale ba Goma balituchekesha tu. Walikale iko na muganga. Élysée, utakuwa prezida, unasikia?"

Élysée alisema anasikia. Wakamuuliza Valentin daktari amekataza nini, naye akajibu kwamba hakukataza kitu, amesema mtoto ale kila anachotaka. Wabebaji walipokea neno hilo kwa furaha kubwa. Mtu anayeruhusiwa kula kila kitu ni mtu aliyepona, nani asiyejua? Walilipeleka mbele wakiliimba, na Valentin alitembea chini ya kipoyi akiusikiliza wimbo huo mpaka nyumbani.

Uani pombe ilikuwa tayari. Murekatete alikuja na Aimée aliyekuwa sasa anasimama kwa kushika nguo za watu. Wanaume waliketi, wakaacha nafasi katikati ya mwenye mgonjwa kusema neno la kufunga, safari hii la kweli. Valentin aliwaambia wasubiri kidogo. Alimbeba mtoto akaingia naye ndani, ambako Rosalie alikuwa akipakua maharagwe, chungu kimoja cha wageni chenye chumvi, na kisufuria kingine pembeni kisicho nayo.

"Dokta alisema nini ya chakula?" Rosalie aliuliza bila kugeuka.

"Alisema tumupe kile anataka."

Kijiko kilisimama. Rosalie hakuwa mbebaji, hakuna mtu aliyemfundisha wimbo. Aliwazika mama yake na dada yake kutoka nyumba hiyohiyo, na wote wawili, siku za mwisho, waliruhusiwa kila kitu.

Alipogeuka uso wake ulikuwa mkavu. Alikisogeza kando kile kisufuria, akapakua kutoka chungu cha wageni, akakaa chini mbele ya mwanawe na sahani.

Élysée aliitazama sahani, kisha akamtazama mama yake kwa mashaka. Alikuwa amekwisha kupigwa kofi kwa kuiba kijiko kimoja tu cha chungu kile.

"Iko na chumvi," alisema.

"Iko na chumvi," Rosalie alimjibu mwanawe. "Kula, Papa yangu."

Alikula haraka, kama anayeogopa kunyang'anywa, akalamba vidole, akaomba nyingine. Rosalie akampa nyingine. "Papa Élysée," alisema taratibu, jina ambalo hakulitumia tangu masika, "keti hapa na sisi." Valentin akaketi. Nje Philippe aliita kwamba pombe inachacha, watu wanangoja neno la prezida, na Valentin alibaki pale ndani akimtazama mtoto akila, mpaka wanaume wakaanza kunyamaza mmoja mmoja.